Robo ya Nne ya Namba Kumi na Mbili

Mwezi uliopita nilikabidhi saa ya kusimamisha, kengele na ufunguo wa kabati la karatasi. Mwajuma, aliyevipokea, alihesabu kila kitu mbele ya macho yangu, penseli moja moja, kama nilivyomfundisha mwenyewe, na kwa kweli niliudhika kidogo. Alipomaliza akasema, "Mwalimu, yale unayotusimulia tukisubiri mvua ikatike, yaandike basi. Sisi tutasahau."

Naandika, kwa ajili yenu mnaokaa mezani sasa. Wengi wenu mmeanza na kompyuta, na nawaonea wivu kwa sababu kompyuta haipeperushwi na upepo. Lakini kazi ni ile ile. Mchezo unapita mbele yenu mara moja tu, na kesho yake kitakachobaki ni mlichoandika.

Nilianza nikiwa mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Mbinga mjini. Mpira wa kikapu sikuujua. Nilichukuliwa kwa sababu mzee Otmar alitaka mtu "asiyeogopa kujumlisha". Mzee huyu alijifunza mchezo seminarini, akaacha seminari, hakuacha mchezo. Kazi yake ya maisha ilikuwa kupanga madaraja ya kahawa kiwandani: kutazama buni, kunusa, kuonja, kusema hii ni daraja gani. Jumamosi alikuwa karani wa takwimu wa uwanja wetu, ule wa saruji chini ya mteremko, ambako watazamaji hukaa kwenye majani na juu yao yanaanza mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Julai, na wenyeji mnajua Julai ya hapa. Vidole vilikufa ganzi. Mzee alinipa penseli mbili, jiwe la kukandamizia karatasi, na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho hakikuwa cha kunywa bali cha kushika. Mpira ukaanza, kijana mmoja akafunga, nami nikaandika kwa furaha.

"Nani kafunga?" mzee akauliza.

"Kasian. Mtoto wa mjomba."

"Sijakuuliza ukoo. Namba?"

Sikuijua namba. Akalifuta jina nililoandika kwa kifutio chake, akapuliza vumbi la karatasi, akaniambia maneno niliyoyabeba kwa miaka mingi. "Kiwandani gunia linaingia na namba, halina jina. Ningejua hili ni la shemeji na hili ni la jirani aliyenigombeza, kahawa ya shemeji ingekuwa tamu kila mwaka. Hapa pia. Usitazame sura. Tazama mgongo na kifua, soma namba, sema."

Alikuwa mkali kwa hilo, na alikuwa na sababu. Katika mji ambao nusu ya wachezaji ni binamu zako na nusu nyingine umewafundisha kugawanya kwa sehemu, jicho huwa na upendeleo bila mwenyewe kujua. Pasi ya mpwa wako utaiita pasi ya kufungia. Ya mtu usiyempenda utasema mpira ulimponyoka tu. Namba haina shangazi.

Niwaeleze kidogo tulivyofanya kazi, kwa kuwa wapya hawajaiona. Tulikaa wawili. Mmoja ni mwitaji: macho uwanjani, anasema namba na tendo. "Saba, mbili, ndani." Maana yake namba saba ametupa mtupo wa pointi mbili, umeingia. "Tisa, ribaundi." Namba tisa ameudaka mpira uliogonga chuma ukarudi. Wa pili ni mwandishi: macho kwenye karatasi, hainui kichwa hata uwanja ukiwaka moto. Mkwaju mmoja ni mtupo uliokosa. Mkwaju uliokatwa msalaba ni ulioingia. Mwitaji haandiki, mwandishi hatazami. Upande wa pili wa meza anakaa karani wa matokeo, ambaye kazi yake ni nyingine: pointi, faulo, na mambo ambayo refa anataka yaandikwe. Karatasi yake inaondoka na refa. Yetu inanakiliwa na kutumwa kwenye ligi na kwenye timu.

Miaka mingi nilikuwa mwandishi wa mzee. Alipoanza kulalamika kwamba watu wameanza kuvaa namba ndogo ndogo, tukaelewa ni macho, naye akastaafu akiwa amenuna. Nikawa mwitaji. Mwandishi wangu akawa Mwajuma, binti wa duka la vitambaa karibu na stendi, mwenye mwandiko ambao ungefaa kwenye hati za ndoa.

Kisha ikaja ligi ya kulipwa. Vijana wetu wa timu ya Buni wakawa na mkataba, daktari wa zamu, na jezi mpya ambazo, kwa sababu zinazojulikana na fundi peke yake, hazikuwa na za akiba. Kumbukeni hizo jezi.

Sasa nifike kwenye mchezo wenyewe, ambao mmeniuliza mara nyingi na ambao nimekuwa nikiwasimulia nusu.

Ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu, nyumbani, dhidi ya timu ya Songea. Robo tatu zilikwenda bega kwa bega. Kwetu namba saba alikuwa Harrison, kijana wa Ngumbo kule ziwani, mwembamba, anayekimbia kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Alikuwa na pointi tisa, kazi ya kawaida. Mwisho wa robo ya tatu alipigwa kiwiko juu ya jicho, bila nia mbaya. Damu ikamwagika mpaka kifuani. Nikasema, "Saba, nje," Mwajuma akaandika, na dakika chache za mapumziko zikaanza.

Hapo upepo ulishuka kutoka mlimani, ukainua karatasi yetu ya robo ya nne kabla jiwe halijakaa juu yake. Mwajuma na mimi tukaikimbiza mpaka kwenye miguu ya watazamaji. Tuliporudi tunahema, mchezo unaanza. Dakika mbili baadaye kocha Ditram akafanya badiliko.

"Kumi na mbili, ndani," nikaita.

Huyo kumi na mbili alicheza robo ambayo sijaiona tena. Alitupa kutoka mbali, ndani. Alinyang'anya mpira mara tatu. Aliruka kati ya watu warefu akarudi na ribaundi nne. Mteremko mzima ulikuwa umesimama, wanapiga kelele, "Harrison! Harrison!" Mwajuma, kichwa chini, akasema, "Mwalimu, mbona wanamwita Harrison?"

"Andika, mdogo wangu. Kumi na mbili, mbili, ndani."

Akaandika. Sekunde za mwisho tuko nyuma kwa pointi moja, kumi na mbili akapita katikati, mpira ukazunguka kwenye chuma kama unaofikiria, ukaingia. Tulishinda sitini na moja kwa sitini. Nikajumlisha, Mwajuma akahakiki, nikasaini. Kumi na mbili, Longinus wa Kingerikiti: pointi kumi na moja katika robo moja. Nikasema moyoni, huyu kijana alikuwa amefichwa wapi.

Alikuwa benchi. Alikuwa amekaa na sweta ya kusokotwa na mama yake, mikono katikati ya magoti, anatetemeka, kwa sababu jezi yake alikuwa ameivua akampa Harrison. Jezi yenye damu hairuhusiwi kurudi uwanjani, akiba haikuwepo, na refa alikwenda upande wa pili wa meza akamwambia karani wa matokeo, ambaye aliandika nyuma ya karatasi yake kama inavyotakiwa. Sisi wakati huo tulikuwa tunakimbiza karatasi. Uwanja mzima ulijua ni Harrison, pamoja na watoto waliokuwa juu ya ukuta. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja, na ndiye aliyekuwa analipwa kutazama.

Wiki mbili baadaye kocha Ditram alinipigia simu nikiwa darasani. "Mwalimu, njoo usome barua. Nimecheka, halafu nimeacha kucheka."

Barua ilitoka kwa timu kubwa ya Dar es Salaam. Walikuwa wanatafuta mchezaji mmoja wa nafasi ya mbele, wamesoma karatasi za kanda zote, na wamevutiwa na Longinus, kijana wa benchi ambaye akipewa robo moja anafanya kazi ya mchezo mzima. Wanamtaka kwenye majaribio baada ya siku kumi. Harrison hakutajwa. Kwenye karatasi yangu Harrison alikuwa mtu wa pointi tisa aliyeumia akakaa, na watu kama hao wako kila kanda.

Hapa vijana muelewe jambo moja kuhusu kusoma takwimu. Hawakuona pointi kumi na moja tu. Waliona kumi na moja juu ya dakika nane. Kama ningekuwa nimeandika sawa, wangeona ishirini za mtu aliyepasuliwa uso akarudi. Namba zangu zote zilikuwa za kweli. Nilizipa mtu asiye wake.

"Nina wazo," kocha akasema. "Tumpeleke Harrison. Wiki hiyo moja aitwe Longinus."

"Na wakimsajili?"

"Ataendelea kuitwa Longinus. Jina zuri tu."

"Kocha."

"Natania, mwalimu." Akaikunja barua. "Natania nusu."

Jioni hiyo nilikwenda kwa mzee Otmar. Nilimkuta anachambua maharage barazani, macho yameshafifia lakini vidole bado vinajua lipi bovu. Nilimweleza yote, nikamaliza kwa kumwambia, kwa sauti ambayo sasa naionea aibu, kwamba nilifanya kama alivyonifundisha. Sikutazama sura.

Akatupa harage moja bovu. "Gunia likipasuka njiani kiwandani, tulikuwa tunafanyaje?"

"Sijui, mzee. Sijawahi kufanya kazi kiwandani."

"Tunamimina kahawa kwenye gunia jipya. Gunia jipya lina namba nyingine. Basi hapo kazi inasimama. Mtu anaitwa anaandika: kahawa ya namba hii sasa imo kwenye namba hii. Hapo ndipo unapotazama kilichomo. Sikukwambia hilo?"

"Hukuniambia."

"Miaka yote ile?"

"Hukuniambia, mzee."

Akaweka ungo chini. "Mimi niliona linajulikana tu." Kisha akasema polepole, "Basi kosa ni letu wawili, mwanangu. Ila mimi nimeshastaafu, kwa hiyo utakayesafiri ni wewe."

Asubuhi nilimpigia katibu wa ligi. Alinisikiliza kwa adabu, akanieleza sharti: karatasi iliyosainiwa hairekebishwi kwa neno la karani peke yake, kwa sababu kila timu ingekuwa na karani wa kukumbuka vizuri. Nilete nakala ya maandishi ya nyuma ya karatasi ya matokeo, na saini ya mchezaji ambaye takwimu zake zitapungua, akikubali kwamba hazikuwa zake. Yaani Longinus. Mlango wa Harrison ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa yule aliyeitwa.

Sikulala nikitafuta maneno ya kumwambia. Kabla sijayapata, alikuja mwenyewe shuleni wakati wa mapumziko, ile sweta ikiwa mwilini, barua mfukoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Longinus. Hujambo?"

"Sijambo." Akakaa kwenye dawati, magoti yakigonga ubao. "Mwalimu, kocha kanipa hii. Nyumbani wameisoma. Baba kamwita padri mdogo aje aisome tena. Mama kachinja kuku."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekaa nayo siku mbili. Nikajiambia, huenda mwalimu aliona kitu. Mwalimu hakosei hesabu." Akacheka kidogo, bila uchungu. "Siku mbili nilijaribu kuamini kwamba nilicheza. Jana nikaenda uwanjani peke yangu nikatupa mitupo kumi kutoka pale alipotupa Harrison."

"Ikaingia mingapi?"

"Mitatu. Mmoja ulikuwa wa bahati."

Nilimweleza sharti la katibu. Sikumsihi. Nilimwambia anaweza kukataa, na kwamba hata akikataa nitaandika barua yangu ya kukiri, ila haitatosha. Alitazama ile karatasi muda mrefu, mstari wa kumi na mbili, mikwaju iliyokatwa msalaba kwa mwandiko mzuri wa Mwajuma.

"Nikisaini, mstari wangu unakuwaje?"

"Sufuri."

"Zote?"

"Zote. Hata dakika."

"Jezi nilitoa mimi, hiyo haina safu?"

"Haina."

"Mngeiweka," akasema, akaomba kalamu.

Mambo ya karatasi tuliyafanya sawasawa, na hapa nisikilizeni kwa sababu ni kazi yenu. Hatukufuta. Tulipiga mstari mmoja juu ya kila takwimu isiyo yake, ili ya chini iendelee kusomeka. Tukaandika upya mstari wa namba saba na mstari wa kumi na mbili chini ya ukurasa, tarehe, sababu, saini yangu, saini ya Mwajuma, saini ya Longinus, tukaambatanisha nakala ya maandishi ya karani wa matokeo. Mwajuma alipotaka kuandika kwamba yeye aliuliza na mimi sikumsikiliza, alisita. Nikamwambia aandike. Akaandika kwa mwandiko ule ule wa hati za ndoa.

Ilibaki kumpata Harrison mwenyewe, maana msimu ulikuwa umekwisha, amerudi kwao, na simu yake haikupatikana. Nilishuka na gari la alfajiri mpaka Mbamba Bay, huko nikavua sweta, nikachukua pikipiki kuelekea Ngumbo. Nilimkuta nyumbani kwa mama yake, anageuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja vya kuanikia. Kovu lilikuwa bado jekundu juu ya jicho.

"Shikamoo, mwalimu! Umepotea njia?"

"Nilipotea wiki tatu zilizopita," nikamwambia, nikamweleza.

Alisikiliza huku mikono imejaa magamba madogo ya usipa. "Kwa hiyo kwenye karatasi yako mimi nilikaa benchi."

"Ndiyo."

"Na lile la mwisho?"

"La mwisho pia nilimpa kumi na mbili."

Mama yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akitutazama, ndiye aliyeniumiza, na hakuwa na nia hiyo. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mihogo. "Mwalimu, mimi siku ile nilikuwepo. Nilikaa nyuma yako kabisa. Nililiita jina la huyu mtoto robo yote, nikarudi huku sauti imekauka siku tatu. Hukunisikia?"

"Nilikusikia, mama. Nilikuwa nimefundishwa kutosikia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Aliyekufundisha hana watoto wanaocheza." Kisha akaniletea ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, kwa sababu kwake huko mgeni hula kwanza, kosa lake litazungumzwa akishiba. Harrison alikula nami. Mwishoni akauliza swali moja tu: "Longinus kasaini mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa kalamu yangu."

Harrison akanawa mikono, akaingia ndani kufungasha.

Timu ya Dar es Salaam ilikubali karatasi iliyorekebishwa. Katibu wao aliniandikia kwamba wamepokea barua nyingi za makarani wanaotetea wachezaji wao, lakini hii ndiyo ya kwanza kuja na saini ya mchezaji anayejiondoa. Harrison alikwenda, akajaribiwa, akachukuliwa. Alicheza huko misimu kadhaa, na mama yake hadi leo hunitumia furushi la usipa kila mwaka, lenye jina langu lililoandikwa kwa herufi kubwa, nadhani ili nisikosee ni la nani. Longinus alibaki Buni. Hakuwa mchezaji mkubwa. Msimu uliofuata alifunga pointi nne katika mchezo mmoja, akaja mezani baada ya kipenga, ameloa jasho, akainama juu ya karatasi.

"Hizi zangu, mwalimu?"

Nikanyanyua macho nikamtazama usoni, sawasawa, pua na masikio. "Zako."

Tangu siku ile kuna utaratibu ambao nyinyi mmeukuta na mnadhani umetoka kwenye kitabu. Kabla ya kila robo mwitaji anasimama, anatazama benchi zote mbili, anasoma jina na namba kwa sauti, na mwandishi anainua kichwa mara hiyo moja. Sheria ya mzee Otmar haikufa. Mpira ukianza, someni namba na msijali ni mtoto wa nani. Ila mwandishi akiuliza mbona wanamwita fulani, simamisheni midomo mkamsikilize. Mzee mwenyewe, kabla hajafariki, alinitaka nimsomee utaratibu huo mara mbili, kisha akasema unafaa ila ni mrefu.

Nimeandika karatasi nyingi maishani. Ziko za vijana waliofunga mpaka safu ikajaa. Lakini ile ninayoipenda kuliko zote ni mstari wa kumi na mbili wa siku ile, ule wa chini ya ukurasa: sufuri, sufuri, sufuri, mpaka mwisho, halafu saini yake, iliyoinama kidogo kwa sababu dawati lilikuwa fupi. Imo kwenye kabati, rafu ya juu, bahasha ya kaki. Mwajuma ana ufunguo. Itoeni mwitazame, na mkimaliza mwirudishe, na jiwe juu yake.